Mtumbwi Uliochongwa Nusu: Umaliziwe kwa Tanga au kwa Mashine?

Hoja: Mtumbwi wa mwembe umelazwa pwani ya Nungwi, kaskazini ya Unguja. Umeshachongwa nje na ndani, lakini haujatiwa ubao wa juu, matengo (boriti za kukatiza chombo) wala mlingoti. Aliyeuanza ameacha kazi, na aliyeununua hana fedha za kuanza upya. Umaliziwe vipi? Wanaojibizana hapa wanaitwa kwa kazi zao. Swali lenyewe huko pwani ni la kila siku, na mara nyingi haliishi bila mtu kununa.

MWENYE CHOMBO: Nimeununua ukiwa hivi hivi, nusu. Kuni si kuni, chombo si chombo. Nataka upakwe faiba nje na ndani, tezi ikatwe, upigwe ubao wa kufungia mashine, na kaskazi ikiingia niwe baharini. Tanga silitaki. Tangu nipate akili nawaona wazee wamekaa pwani wanangoja upepo kama watu wanaongoja mshahara.

FUNDI: Mwanangu, kwanza tuutazame mti wenyewe. Huu ni mwembe. Mwembe ni mlaini, unachongeka, ndiyo maana tunaupenda. Lakini unakunywa maji, na ukiachwa juani unapasuka. Pale omo pana ufa wa urefu wa kiganja kwa sababu aliyeuacha hakuufunika hata kuti moja. Jana nilitoboa ubavuni kwa keekee nipime unene. Kulia ni vidole viwili, kushoto hata kimoja na nusu hakitimii. Tundu nimeziziba kwa vijiti, lakini kasoro iko pale pale. Faiba haitausawazisha, itauficha tu.

MWENYE CHOMBO: Kuficha ndiyo kazi yake. Ninachotaka maji yasiingie.

FUNDI: Yasiingie, sawa. Na yaliyomo jee? Mti huu bado mbichi. Ukiufunga kwa resini leo, maji yaliyomo hayana pa kutokea. Utaoza ndani kwa ndani huku nje unang'aa, na siku moja utakanyaga, mguu utokee upande wa pili. Nimeshabandua faiba ya namna hiyo kwa mkono mtupu, na chini yake ulikuwa unga.

MWENYE CHOMBO: Hiyo ni resini ya bei nafuu, ile ya poliyesta. Kuna epoksi. Epoksi inashika mbao.

FUNDI: Inashika mbao kavu. Halafu tuseme kweli, nani ataichanganya? Poliyesta inataka hadina, dawa ya kuigandisha, kidogo sana, asilimia moja au mbili ya uzito. Ukizidisha inachemka koponi, ukipunguza hata kesho inanata vidoleni. Epoksi ndiyo kali zaidi. Kipimo ni kile alichoandika aliyeitengeneza, huwezi kuongeza hadina ati ikauke upesi. Na jua letu hili, saa sita mchana, inaganda kabla brashi haijafika kwenye mti. Kazi ile ni ya alfajiri, kikopo kidogo kidogo, glavu mkononi na barakoa usoni. Vijana wa hapa wanaifanya kifua wazi.

NAHODHA: Mnagombania ngozi, na mimi nauliza mwili. Bila matengo huo si ngalawa, ni mtumbwi tu, wa kuvukia mkondo. Upana wake hata mita moja haufiki. Kinachoufanya usimame chini ya tanga ni ndubi mbili, vibao vya kuelea, moja kila upande, zilizofungwa kwenye matengo kwa kamba. Kamba, narudia, wala si msumari, kwa sababu wimbi likipiga lazima kitu kilegee kidogo ili kisivunjike. Sasa niambie, ukifunga mashine na ukaenda kwa mbio zile, ndubi zitafanya nini?

MWENYE CHOMBO: Tutaziondoa.

NAHODHA: Uziondoe ubaki na nini? Mashine ya nguvu ya farasi 15 ina zaidi ya kilo 35. Tangi la mafuta liko nyuma, na wewe umekaa huko huko nyuma umeshika mpini. Omo itatazama juu na tezi itachota maji. Tezi na omo marejeo ni ngamani, mwanangu, na wewe ngama yako itakuwa imejaa kabla hujatoka kwenye mwamba.

MWENYE CHOMBO: Ami, watu wanafanya. Kila pwani kuna vyombo vya mbao vyenye mashine.

NAHODHA: Ulivyoviona ni vidau na maboti. Dau lina mkuku, lina mataruma. Mashine inapata pa kushika. Huu ni mti mmoja uliokombwa ndani, hauna ubavu wa kuutikisa saa nzima.

MCHUUZI: Naomba na mimi niseme, maana nusu ya fedha iliyonunua mtumbwi huu imetoka kwenye kikundi chetu cha akina mama, na naona hilo limesahauliwa. Mimi ngalawa siiimbii wala siichezei. Mimi nanunua samaki. Upepo ukifa, ninyi mko nje mmekaa, mnarudi alasiri na changu macho yamezama, tumbo limelegea, ukimbonyeza kidole kinabaki shimo. Mwenye boti ya faiba kashafika saa mbili asubuhi, kauza hotelini, kashalala. Mimi nimebaki na samaki wa kukaanga kwa bei ya kutupa. Mnaposema upepo ni bure, na hao walioharibika wahesabuni.

FUNDI: Upepo hauna risiti, Bi mkubwa.

MCHUUZI: Na hasara yake nayo haina risiti, ndiyo maana hamuioni. Inaishia kwangu.

NAHODHA: Hesabu tunazijua. Tukirudi, kuna fungu la chombo, kuna fungu la nyavu, kinachobaki wanagawana mabaharia. Ukitia mashine, mafuta yanatolewa kwanza, mtu yeyote hajala bado. Kisha mashine nayo inadai fungu lake. Bahari ikiwa njema hapana neno. Siku ya ndoo moja ya dagaa mashine imekula, chombo kimekula, na baharia anakwenda nyumbani mikono mitupu. Tena zile za tustroki zinataka oili, lita 1 kwa kila lita 50 za petroli. Kijana akibana oili apate cha sigara, pistoni inashika huko huko nje. Foromali ikikatika unakwenda kukata boriti nyingine. Pistoni utaikata kwenye mti gani?

MCHUUZI: Na siku ya tanga mkirudi na ndoo hiyo hiyo moja, nayo imeoza, nani amekula?

NAHODHA: Hapo umenipata. Siku hiyo hakuna aliyekula.

MCHUUZI: Nashukuru, maana nilidhani hilo halisemwi pwani.

MWENYE CHOMBO: Kuna jambo jingine wazee hawalitaji. Mwembe wa kutoa mtumbwi mmoja mzima siku hizi unaupata wapi? Kukata unataka kibali, na ukishakatwa umepotea na embe zake. Mtumbwi wa mwembe usiotunzwa haudumu, baada ya miaka michache unataka mti mwingine. Mnaoona faiba ni uharibifu, mmehesabu miembe mingapi imelala chini ili sisi tuendelee na ngalawa za babu?

FUNDI: Hoja hiyo naipokea, ina uzito. Lakini mti ukifa unarudi ardhini. Faiba ikivunjika utaipeleka wapi? Haiozi, na ukiichoma moshi wake unakukaba roho. Pita nyuma ya karakana za boti uone mapande yanavyolala.

MWENYE CHOMBO: Lamu walijenga jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa pwani, wakaliita Flipflopi. Lilishushwa majini 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi hapa Unguja. Mbona hakuna aliyelia kuwa mila imekufa?

FUNDI: Waliolijenga ni mafundi wa majahazi, na jahazi walilitoa kwa umbo la jahazi. Mbao ndizo zilizobadilika.

MWENYE CHOMBO: Basi umejijibu mwenyewe, fundi! Na nikuongezee. Hotelini ninakofanya kazi zipo kayaki, zile za plastiki za kupigia kafi. Mgeni mmoja Mdenmark alinieleza kuwa kayaki haikuanza hivyo. Kule Greenland miti haioti ya kutosha, kwa hiyo Wainuit waliokota mbao zilizoletwa na bahari, wakafunga kiunzi, wakakivika ngozi ya sili, yule mnyama wa bahari za baridi. Washonaji walikuwa wanawake. Leo wengi wanavika turubai au nailoni na kupaka rangi juu. Tangu 1985 wana chama chao cha kayaki, na mashindano wanafanya. Hakuna anayewaambia kayaki ya nailoni si kayaki. Kwa nini ngalawa ya faiba isiwe ngalawa?

FUNDI: Na kipimo wanakipata wapi? Hilo ulimuuliza?

MWENYE CHOMBO: Alisema wanapima kwa mwili wa mwenyewe. Urefu kama pima tatu za mikono yake, upana ni nyonga zake na ngumi mbili juu yake. Ndiyo maana kayaki ya mtu mmoja haimkai mwingine vizuri.

FUNDI: Umesikia ulilolisema? Nguo wamebadilisha, kipimo hawakukigusa. Wewe unataka kunibadilishia kipimo. Kukata tezi, kuondoa ndubi, kupachika uzito ambao aliyeuchonga mti huu hakuufikiria. Mimi faiba nitakukubalia kabla sijakukubalia mashine.

MWENYE CHOMBO: Ahaa! Kumbe faiba unaikubali.

FUNDI: Nimesema kabla ya mashine. Na masharti yapo. Mtumbwi ukauke kivulini, chini ya makuti, na hiyo ni miezi, si wiki. Ufa wa omo niufungue, niutie kiraka cha mti, nisiuzibe kwa resini tu. Upande wa kushoto niuongezee ubavu kwa ndani. Ubao wa juu nitauunga kwa kalafati, pamba iliyolowa mafuta, niishindilie kwa chembeu mpaka isikie. Na faiba iwe nje peke yake, ili ndani mti upumue. Ndani tutapaka sifa, yale mafuta ya papa.

MWENYE CHOMBO: Sifa inanuka papa, fundi. Nani atapanda chombo kinachonuka hivyo?

NAHODHA: Mvuvi atapanda. Tangu lini mvuvi akakimbia harufu ya papa?

MWENYE CHOMBO: Namaanisha... wageni.

MCHUUZI: Wageni? Kwenye kikundi uliandikisha uvuvi. Fedha ya akina mama imetoka kwa uvuvi. Tulikubaliana samaki tunachagua sisi kwanza, kwa bei ya pwani. Wageni wanaingiaje?

MWENYE CHOMBO: Dada, usinigeuzie kibao. Alfajiri kuvua, jioni kutembeza wageni. Chombo kimoja, riziki mbili. Pwani hii yote inaishi hivyo, na wewe unajua. Mahoteli yametubana mpaka pa kuvuta vyombo hapana, angalau nasi tupate kitu kwao.

NAHODHA: Basi umeshajishinda mwenyewe. Mgeni anayelipa kutembezwa jioni analipia tanga. Anataka apige picha jua linazama nyuma ya tanga. Mashine anayo kwao, tena kubwa kuliko yako.

MWENYE CHOMBO: Analipia tanga wakati wa kwenda. Giza likiingia na upepo umekufa, anataka kurudi hotelini kwa chakula cha usiku, na hapo haniulizi habari za mila.

(Kwa maoni ya mwandishi, hapa ndipo mjadala ungeanza. Chombo hakimaliziki vizuri kabla haijajulikana kitabeba nini, na tangu mwanzo kila mmoja alikuwa akimalizia mtumbwi wake kichwani.)

MKAGUZI: Nimewaacha mseme kwa sababu mti na faiba si kazi yangu. Sasa mmefika kwangu. Chombo cha kuvulia kina leseni yake ya uvuvi. Ukipandisha mtu kwa malipo, hiyo ni ruhusa nyingine na ukaguzi mwingine. Nitataka namba ubavuni isomeke. Nitataka jaketi okozi kwa kila kichwa, na liwe limevaliwa, lisikaliwe. Na nitauliza swali moja ambalo hakuna aliyeliuliza tangu mwanzo, kwamba mtumbwi huu ukijaa maji, unabaki juu au unakwenda chini?

NAHODHA: Mti huelea. Nimepinduka si mara moja, tukashikilia mpaka wakaja kutuchukua.

MKAGUZI: Mti mtupu huelea. Funga mashine, funga tangi, nyuma inazama na watu wanabaki wanagombania omo. Hizo kayaki za plastiki tunazozicheka zina hewa iliyofungiwa ndani, zikijaa maji hazizami. Ninyi mmepanga nini?

FUNDI: Hilo linafanyika na halina gharama kubwa. Dumu la lita 5 likizibwa vizuri linabeba karibu kilo 5. Madumu manane, manne omo na manne tezi, yakifungwa chini ya vibao ili yasichomoke, ni kama kilo 40. Yameufidia uzito wa mashine yake, na watu bado hawajapata kitu. Akitaka wageni wanne ndani, aniambie madumu mangapi, kisha aniambie watu watakaa wapi.

MWENYE CHOMBO: Na mashine ndogo jee? Ya farasi 5, uzito wake kama nusu ya ile. Tanga libaki, ndubi zibaki, mashine iwe ya kurudia tu upepo ukifa.

NAHODHA: Sasa umeanza kuzungumza.

FUNDI: Tezi sikati. Nitapiga ubao wa kando, kwenye tengo la nyuma, mashine ining'inie hapo na ukiwa kwenye tanga uitoe uilaze ndani. Lakini kwa mbio usiitazamie. Itakurudisha, basi.

MCHUUZI: Itakurudisha saa ngapi? Hilo ndilo swali langu mimi. Mashine ya kurudi jioni na wageni haimsaidii changu wa asubuhi. Nyote mmefurahi kwa sababu mmepata njia ya katikati, na mimi nimebaki pale pale. Kama ni mashine ndogo, basi mniambie kutoka kwenye mwamba mpaka hapa, upepo hakuna, ngalawa ina nyavu zilizolowa na watu watatu, inachukua muda gani na inakunywa lita ngapi.

NAHODHA: Inategemea maji, Bi mkubwa. Maji yakiwa yanatoka...

MCHUUZI: Najua inategemea. Niambieni ikitegemea vibaya.

MWENYE CHOMBO: Kama ni mbio unazotaka, basi turudi nilipoanzia mimi. Mashine kubwa, faiba, na tezi ikatwe. Au tuuze mtumbwi huu tuombe mkopo wa boti za faiba zinazotolewa na serikali.

FUNDI: Hilo la mwisho lina maana kuliko la kwanza. Ukitaka boti, nunua boti, iliyochorwa tangu mwanzo kubeba mashine. Ila usinifanye niulazimishe mti huu uwe kitu ambacho sicho, kisha ukizama jina langu ndilo litakalotajwa. Chombo cha kuzama hakina usukani, lakini fundi wake watu huwa wanamkumbuka.

NAHODHA: Na mkopo unalipwa hata mwezi wa kusi, bahari imechafuka na vyombo vimevutwa juu. Tanga halidai.

MCHUUZI: Tanga halidai, ila kikundi kinadai. Nisikilizeni. Wenye nusu ya mtumbwi huu hawapo hapa. Wako jikoni, wako kwenye mwani. Tunakaa Ijumaa saa kumi alasiri, uwanjani kwangu. Fundi, andika gharama za njia zote tatu, ya tanga tupu, ya tanga na mashine ndogo, na ya kuuza. Nahodha, andika siku ambazo mwezi uliopita upepo uliwaacha nje. Na wewe, mwanangu, andika hao wageni ni wangapi na fedha yao inaingia mfuko gani. Kura tutapiga sisi. Njooni na hesabu, methali tunazo.